Plastiki ya Mimea: Historia ya Dhana na Tatizo la Istilahi

Watu wengi hudhani kwamba plastiki itokanayo na mimea ni uvumbuzi wa jana, uliozaliwa na hofu ya takataka za zama hizi. Historia yashuhudia kinyume chake: mimea ilitangulia, mafuta ya petroli yakafuata. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi historia hiyo inavyoweza kutusaidia kunyoosha istilahi zetu.

Mwaka 1862, katika maonyesho ya kimataifa ya London, Mwingereza Alexander Parkes alionyesha vitu vilivyofinyangwa kwa selulosi, yaani nyuzi zilizo kiunzi cha mimea, baada ya kutiwa asidi ya nitriki. Huko Marekani, John Wesley Hyatt aliichanganya selulosi ya namna hiyo na kafuri, akapata seluloidi, na mwaka 1870 akapewa hataza. Haja iliyomsukuma yatuhusu: alitafuta kitu cha kutengenezea mipira ya biliadi badala ya pembe za ndovu, ambazo wakati huo zilisafirishwa kwa wingi kutoka Zanzibar na Bagamoyo.

Mwaka 1907 Leo Baekeland alitengeneza bakelaiti, plastiki ya kwanza iliyoundwa kwa kemikali tupu. Baadaye petroli ikawa malighafi rahisi, na mimea ikawekwa kando. Hata hivyo haikuachwa kabisa. Katika miaka ya 1940 Wafaransa walibuni nailoni 11 kutokana na mafuta ya mbarika, ambayo wengine huyaita mafuta ya nyonyo. Nailoni hiyo ni imara na haidhuriwi na petroli, kwa hiyo hutengenezewa mipira ya kupitishia mafuta katika magari. Mwaka 2002 kiwanda kikubwa kilianza kazi Blair, jimbo la Nebraska, kikigeuza sukari ya mahindi kuwa asidi ya laktiki, na kisha kuwa plastiki ya vikombe na vifungashio.

Hapa ndipo lilipo fundo. Nailoni ya mbarika, ingawa ni zao la shamba, haiozi. Plastiki ya mahindi huoza, lakini huhitaji lundo la mboji lenye joto la karibu nyuzi 60 za Selsiasi. Ikitupwa mtaroni au baharini hukaa miaka mingi. Tena zipo plastiki za petroli ambazo vijidudu huzila zikaisha. Ni dhahiri, basi, kwamba asili ya kitu na hatima yake ni dhana mbili, ilhali neno "bioplastiki" huzibeba zote pamoja.

Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwaka 2017, na Tanzania mwaka 2019, jambo hili si la wanaisimu peke yao. Mwenye duka asomaye kwamba mfuko "umetokana na mimea", akaelewa kuwa utaoza, amepotoshwa na neno, na aweza kutiwa hatiani pasipo kujua.

Hivyo twapendekeza istilahi mbili: "plastiki-mimea", itajayo asili, na "plastiki iozayo", itajayo hatima, pamoja na maelezo ya mahali inapoozea. Bidhaa moja yaweza kustahili majina yote mawili, au moja tu. Atungaye sheria au lebo hana budi kuchagua lile analolikusudia.