Resolvini, kisuluhishi cha ute wa jicho

Goba, jijini Dar es Salaam, inajengwa kila upande. Malori ya mchanga na kokoto yakipita mitaani, vumbi hutanda, na watoto hufikicha macho hadi yawe mekundu. Asubuhi kope zimegandana kwa tongotongo. Huenda ni mzio. Lakini ute wenyewe si uchafu: hutolewa na seli za gobleti zilizo kwenye kiwambo, utando unaofunika weupe wa jicho, nao hunasa vumbi na kuyasaidia machozi kutandaa. Mtoto aliyepungukiwa vitamini A hupoteza seli hizo, jicho likakauka. Tatizo la mzio ni wingi wa ute.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Charles Serhan na wenzake jijini Boston walitambua molekuli ambazo mwili huziunda kutokana na mafuta ya omega-3, wakaziita resolvini. Darlene Dartt, wa Taasisi ya Macho ya Schepens jijini humo, akazijaribu na wenzake kwenye seli za gobleti za panya na za binadamu. Pasipo mzio, resolvini D1 huchochea ute wa kadiri. Histamini, kemikali ambayo mwili huitoa wakati wa mzio, inapozisukuma seli zimwage ute, resolvini hiyohiyo hukizuia kipokezi cha histamini.

Tuiiteje kwa Kiswahili? Wapo watakaosema “kituliza uvimbe”. Silikubali. Uvimbe kwa wengi ni donge, na kutuliza ni kazi ya dawa kama steroidi, ambazo matone yake yakitumiwa kiholela kwa muda mrefu hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Resolvini huimaliza inflamesheni, yaani mwitikio wa kinga ya mwili: huzuia chembe nyeupe za damu zaidi zisimiminike, huita nyingine zije kuondoa mabaki. Napendekeza “kisuluhishi”. Msuluhishi wa mtaani hawazibi watu midomo. Huhakikisha ugomvi umekwisha na kila mtu amerudi kwake. Maabara wabaki na resolvini, ila daktari anayezungumza na mzazi aseme kisuluhishi.

Jina hilo lisiwe kisingizio cha kuuza vidonge vya omega-3. Vibua na dagaa wana omega-3, na ni chakula kizuri. Hata hivyo, jaribio kubwa la Marekani liitwalo DREAM, lililochapishwa mwaka 2018, lilionyesha kuwa kwa wenye macho makavu vidonge vya mafuta ya samaki havikuvishinda vya mafuta ya zeituni.