Nuru ya Picha ya Mateo Mtakatifu
Kule Roma, katika kanisa la San Luigi dei Francesi, iko picha ya Yezu akimwita Mateo, mtoza ushuru. Caravaggio aliichora mwaka 1599 hata 1600, iwekwe ukutani kushoto mwa kikanisa cha pembeni. Dirisha liko juu ya altare, kuume kwa mtazamaji. Basi mchoraji akaifanya nuru ya pichani itoke upande uleule, ipite juu ya Yezu, imwangukie Mateo gizani. Taa kali ya umeme ikiwashwa mbele yake, rangi zaonekana zote, lakini giza lapungua, na mwito wenyewe wapoa. Picha nyingine twaiona mbaya, kumbe imekosa nuru yake. Kabla ya kuilaumu, tuulize: dirisha lilikuwa wapi?