Ndugu wawili, vipawa viwili: Je, shule moja yatosha?

KATIKA mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, mzazi mwenye watoto wawili au watatu huwatafutia shule jinsi atafutavyo nyumba ya kupanga. Huuliza karo, huuliza umbali, kisha huwalipia wote mahali pamoja. Kifungua mimba akishaingia, wadogo wake humfuata kwa mazoea. Mwenye shule hutoa punguzo, basi la manjano huwachukua pamoja asubuhi, na mama hukutana na mwalimu mkuu mmoja tu siku ya wazazi.

Mpango huo ulifaa wakati wa mfumo wa 8-4-4 ulioanzishwa mwaka wa 1985. Watoto wote walielekezwa kwenye mtihani mmoja, KCPE, na shule bora ilikuwa ile yenye alama ya wastani ya juu. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003 na madarasa ya shule za umma yakafurika, wazazi wengi wa Buruburu, Umoja, Donholm na Komarock walikimbilia shule za kibinafsi za kutwa, baadhi yazo zikiwa katika majumba yaliyojengwa kwa ajili ya familia moja. Serikali ilikomesha uorodheshaji wa shule katika matokeo ya mitihani mwaka wa 2014, lakini mazungumzo ya wazazi hayakubadilika. Hadi leo mtu huuliza kwanza, "Shule ile ilipata ngapi?"

Ilhali KCPE yenyewe ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Chini ya mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019, mtoto husoma miaka 2 ya chekechea, 6 ya msingi, 3 ya sekondari msingi na 3 ya sekondari pevu. Afikapo Gredi ya 10 huingia katika mkondo mmoja kati ya mitatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Kwa hivyo shule iliyomfaa dada si lazima imfae kaka, hata kama wamelelewa katika chumba kimoja.

Tuchukue mfano wa familia ya Umoja yenye msichana wa Gredi ya 6 ambaye kwake hesabu ni mchezo, na mvulana wa Gredi ya 4 anayependa ngoma na kandanda lakini husoma kwa shida. Je, wasome pamoja au watenganishwe?

Kwa maoni ya mwandishi huyu, kabla ya Gredi ya 7 haifai kuwatenganisha ndugu kwa sababu ya vipawa pekee. Masomo ya shule ya msingi ni yale yale kila mahali, na kipaji cha mtoto wa miaka 9 bado ni moto wa karatasi. Leo ni mwanasoka, mwakani ni mchoraji. Katika umri huo, umbali wa shule, usalama wake na subira ya walimu ni mambo mazito kuliko maabara. Mtoto anayeamshwa saa kumi na nusu ili apite msongamano wa Outer Ring hafiki darasani na akili yake yote.

Gredi ya 7 inapokaribia, hesabu hubadilika. Alama zinazotumiwa kumpanga mwanafunzi katika sekondari pevu hukusanywa kwa miaka kadhaa: asilimia 20 hutoka kwenye tathmini ya Gredi ya 6, KPSEA, asilimia 20 nyingine ni tathmini zinazofanywa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 ni mtihani wa Gredi ya 9, KJSEA, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2025. Maana yake ni kwamba tathmini zinazoendeshwa na walimu wa shule yenyewe ni sehemu ya tano ya alama zote. Shule inayofanyia mzaha kazi za mradi na majaribio humpokonya mwanafunzi alama kabla hajaingia chumba cha mtihani.

Aidha, miongoni mwa masomo 9 ya sekondari msingi mna Sayansi Jumuishi, masomo ya awali ya kiufundi, na sanaa na michezo. Hayo hayafundishiki kwa chaki pekee. Hapa ndipo shule nyingi za Eastlands huachana njia. Moja ina maabara nzuri kwenye ghorofa ya tatu, lakini watoto hucheza mahali pa kuegeshea mabasi. Nyingine ina uwanja na mwalimu wa muziki, na "maabara" yake ni kabati lenye chupa sita.

Mzazi asiridhike na kuonyeshwa chumba. Afungue bomba la maabara aone kama maji yanatoka. Aombe daftari la sayansi la mwanafunzi wa Gredi ya 8 ahesabu majaribio yaliyofanywa muhula huo. Kuhusu michezo, kama shule hukodi uwanja, tuseme ule wa Camp Toyoyo kule Jericho, aulize hukodiwa mara ngapi kwa wiki na ni nani huwavusha watoto barabara. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zilitenga saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu kwa masomo ya darasani, kisha hadi saa kumi na dakika arobaini na tano kwa michezo na vyama. Fika langoni saa kumi bila kualikwa. Ukikuta wote wangali wanakariri, utakuwa umejua mvulana wako atapata nini hapo.

Sasa gharama. Tuseme karo ni Sh30,000 kwa muhula, na mtoto wa pili hupunguziwa asilimia 10. Kuwatenganisha kutakupotezea Sh3,000 kwa muhula, yaani Sh9,000 kwa mwaka. Hizo si nyingi zikilinganishwa na ada ya basi la pili, sare za aina mbili na siku mbili za wazazi ambazo, kama ilivyo ada ya mambo, huangukia Ijumaa moja. Zijumlishe zote kabla ya kuamua. Familia inayotenganisha watoto Januari kisha ikashindwa kulipa kufikia Mei huwarudisha wote wawili nyuma.

Mara nyingi kuna njia ya katikati ambayo wazazi huisahau. Kipaji kimoja huweza kulelewa shuleni na kingine mtaani. Maktaba za Kaloleni na Makadara zilikarabatiwa na shirika la Book Bunk, na Buruburu ina maktaba ya kitaifa. Korogocho kuna Ghetto Classics, ambayo tangu 2008 imewafunza watoto muziki wa ala. Mvulana wetu anaweza kupata ngoma yake Jumamosi na kuendelea kupanda basi moja na dada yake. Maabara, kwa upande mwingine, ni vigumu kuipata mtaani. Ndiyo sababu, fedha zikitosha kumhamisha mmoja tu, ningemhamisha msichana wa hesabu, tena Januari ya Gredi ya 7, baada ya kumaliza KPSEA. Kuhamisha mtoto katikati ya Gredi ya 8 ni kuvuruga tathmini zake. Ikibidi, hakikisha kwanza kwamba alama zilizokwisha kupatikana zimewasilishwa kwa baraza la mitihani, KNEC, na kwamba nambari yake ya tathmini unayo wewe.

Yapo masharti yasiyojali kipaji. Shule iwe na cheti cha usajili na walimu wake wawe wamesajiliwa na tume ya walimu, TSC. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaharamisha viboko na masomo ya ziada wakati wa likizo. Anayekwambia kwamba hivyo ndivyo siri ya matokeo yake amekwisha kujieleza. Jengo nalo litazamwe. Septemba 2019, darasa la shule ya Precious Talent liliporomoka Dagoretti na kuwaua wanafunzi 8.

Linabaki suala la kusoma kwa shida. Wazazi wengi hulichukulia kuwa uvivu, hasa dada akiwa hodari, na humtajia mvulana jina la dada yake kila ripoti inapofika. Kabla ya kubadilisha shule, apelekwe katika kituo cha serikali cha kutathmini mahitaji ya elimu, EARC, au kwenye taasisi ya elimu maalumu, KISE, iliyoko Kasarani. Huenda ikabainika ni macho, masikio, au namna ubongo wake unavyopokea herufi. Matokeo hayo mpelekee mwalimu wake wa sasa, umuulize atakachobadilisha darasani muhula huu. Akikujibu kwa mambo mahususi, kama vile mahali atakapomketisha na muda atakaomwongezea, mwache mtoto hapo hapo. Akikujibu kwamba ajitahidi tu, anza kutafuta shule nyingine, hata kama yuko Gredi ya 4.