Penina Muhando, Malya na Uwanja wa Mbina

Historia ya tamthilia yetu hufundishwa kwa kufuata vitabu. Tunaanza na Hussein na Kinjeketile (1969), tunakuja kwa Muhando na Hatia (1972), tunapita Nguzo Mama (1982) na Lina Ubani (1984), halafu mtihani. Makala haya yanadai kwamba mpangilio huo umeacha nje nusu ya kazi ya Penina Muhando, na kwamba nusu hiyo haieleweki bila kufika Usukumani.

Tuchukue Nkololo, wilayani Bariadi, sehemu iliyokuwa mkoa wa Shinyanga hadi mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012. Hapo, kama kwingineko Usukumani, mkulima wa pamba hahitaji kufundishwa hadhira ni nini. Mavuno yakiisha huingia msimu wa mbina. Kikundi cha Bagika na kikundi cha Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, katika uwanja mmoja, kila kimoja kikivuta watu upande wake. Mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi zaidi. Mtazamaji akichoka anahamia ng'ambo ya pili, basi, hukumu imetoka! Ndiyo maana manju hutunga nyimbo mpya, wachezaji hubuni vituko, wengine wakacheza na nyoka, wengine wakarusha majembe ya bugobogobo. Wapo hata wanaotafuta dawa ya kuvuta watu.

Baada ya uhuru, ngoma kama bugobogobo zilipandishwa kwenye majukwaa ya taifa. Zikapewa dakika chache mbele ya watu walioketi, na makofi mwishoni. Mapigo na mikao vilisafiri. Ushindani na ile haki ya mtazamaji kuhama vilibaki nyumbani.

Sasa basi, mwaka 1982 hadi 1983 Muhando, ambaye pia tunamfahamu kama Penina Mlama, alifanya kazi katika kijiji cha Malya, wilayani Kwimba, pamoja na Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, wote wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hawakwenda na mswada. Wanakijiji walijadili matatizo yao, likajitokeza la mimba za wasichana, vijana wakalitolea ngoma na maigizo, kisha watu wakajadiliana.

Mhakiki hawezi kukwepa ulinganisho. Katika Hatia, miaka kumi nyuma, Muhando alikwisha kuandika juu ya msichana aliyepata mimba nje ya ndoa. Lakini pale mwandishi ndiye aliyegawa lawama kabla mtazamaji hajaketi. Malya lawama ziligawanywa na watu wanaofahamiana, wazazi na mabinti wakiwa pale pale. Dhamira ni ile ile. Aliyebadilika ni hakimu.

Kuna watakaosema kwamba Nguzo Mama tayari ina Bi Msimulizi, kwa hiyo fani ya jadi ilikwisha kuingia kitabuni. Ni kweli. Hata hivyo, hadhira ya Bi Msimulizi imeshaandikiwa nafasi yake. Hadhira ya mbina hujiandikia yenyewe, kwa miguu.

Hapana budi pia kugusa lugha. Muhando, mwenye asili ya Kikaguru, aliamua kuandika kwa Kiswahili, na kwa nchi yenye makabila zaidi ya 120 uamuzi huo ulikuwa sahihi. Lakini manju hutunga kwa Kisukuma. Silabasi ya fasihi ya Kiswahili haina kiti chake, na ya Kiingereza ndiyo kabisa. Tunazihesabu ngoma zake kama "vipengele vya fani", na maneno yake tunayaacha mlangoni.

Wenzangu, tuseme ukweli: mradi wa Malya ulikuwa na mwanzo na mwisho, na wasomi walirudi chuoni. Mbina ilikuwepo kabla yao, ikaendelea baada yao. Kwa hiyo Malya isisomwe kama wasomi kuwapelekea wanakijiji sanaa. Isomwe kama mwandishi mkubwa kukubali kuhukumiwa na hadhira iliyozoea kuhukumu. Na atakayeandika upya historia ya tamthilia ya Tanzania aanzie uwanjani, kisha ndipo afungue kabati la vitabu.