Kuinua mashua iliyopinduka

Kuinua mashua iliyopinduka ni kazi ya kurudisha chombo kidogo cha tanga katika hali yake ya kuelea baada ya kulala ubavu au kugeuka juu chini majini. Katika mashindano ya mashua ndogo kazi hiyo hufanywa na mabaharia wenyewe, bila injini, kwa kutumia uzito wa mwili, upepo na ubao wa kati. Baharia mzoefu wa mashua ya mtu mmoja anaweza kuimaliza kwa muda usiofika dakika moja. Anayeanza anaweza kurudia mara nyingi mpaka achoke, na mara nyingi uchovu huo ni hatari kubwa kuliko kupinduka kwenyewe.

Habari za ajali za majini katika Afrika Mashariki husema mara nyingi kwamba chombo "kimezama" hata pale kilipopinduka tu na kubaki kikielea. Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Chombo kilichozama hakina msaada tena kwa mtu aliye majini. Kilichopinduka bado ni boya kubwa la kushikilia, tena kinaonekana kutoka mbali kuliko kichwa cha mwogeleaji.

Jina

Mashua ndogo ya aina hii huitwa dingi na watu wa klabu za mashua. Neno hilo liliingia katika Kiingereza kutoka lugha za Uhindini, ambako lilimaanisha mashua ndogo ya mtoni. Halina uhusiano na "dingi" la vijana wa mjini, yaani baba. Katika makala hii linatumika neno mashua, ingawa kwa watu wa pwani mashua kamili ni chombo kikubwa zaidi cha mbao.

Aina mbili zinajulikana zaidi duniani. Optimist, iliyobuniwa na Clark Mills huko Florida, Marekani, mwaka 1947, ni ya watoto. Ina urefu wa mita 2.3 hivi na uzito wa kilo 35. Laser, ambayo sasa huitwa pia ILCA, ilichorwa na Bruce Kirby wa Kanada karibu na mwaka 1970 na imekuwa katika Michezo ya Olimpiki tangu 1996. Ina urefu wa mita 4.23, uzito wa kilo 59 na tanga la mita za mraba 7.06. Klabu za mashua zipo Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na kando ya Ziwa Viktoria, na mafunzo ya kuinua mashua ni kati ya masomo ya kwanza ya mwanafunzi. Kwa kawaida hupindua mashua kwa makusudi karibu na ufuko, chini ya macho ya mwalimu, kabla hajaruhusiwa kwenda mbali.

Sababu za kupinduka

Mashua ndogo haina shehena wala mkuku mzito wa kuisimamisha. Kinachoizuia isilale ni mabaharia wanaokaa au kuning'inia upande wa goshini, yaani upande upepo unakotoka. Upepo ukiongezeka ghafla kabla hawajajisogeza nje au kulegeza demani (kamba inayolizuia tanga), mashua huangukia upande wa pili. Upepo ukikatika ghafla hutokea kinyume: uzito wao wenyewe huiangusha upande wa goshini.

Sababu nyingine ni kugeuza chombo wakati upepo unatoka nyuma. Tanga huruka kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa nguvu, na baharia aliyechelewa kuhama hujikuta upande usiofaa. Wengi hupinduka hapo.

Jinsi ya kuinua

Jambo la kwanza ni kuhesabu vichwa. Kama mashua ina watu wawili, kila mmoja amwite mwenzake mpaka ajibiwe, kwa sababu mtu anaweza kufunikwa na tanga au kunaswa na kamba. Aliyefunikwa na tanga ausukume mkono juu ili apate nafasi ya kupumua, kisha afuate mshono mmoja wa kitambaa mpaka atoke ukingoni. Wote wabaki wameshika chombo au kamba yake. Mashua nyepesi iliyolala ubavu husukumwa na upepo, na mtu aliyeiachia anaweza kushindwa kuifikia hata kama ni mwogeleaji hodari.

Kisha demani hulegezwa. Tanga lililofungwa likitoka majini hukamata upepo papo hapo, na mashua huondoka bila mtu au hulala tena. Pamoja na hilo huangaliwa kama ubao wa kati umetoka wote. Ubao huo, ambao hupenyezwa katikati ya mashua ili usiende upande, ndio wenzo wa kazi nzima.

Baharia huzunguka kwa nje, kupitia nyuma au mbele ya mashua, mpaka chini yake. Hapo kuna jambo ambalo wanaoanza hulipuuza na kulilipia: mwelekeo wa upepo. Kama ncha ya mlingoti imeelekea upepo unakotoka, upepo utaingia chini ya tanga mara tu likiinuka, nayo mashua itarushwa na kulala upande wa pili, safari hii juu ya aliyeiinua. Dawa yake ni kuielekeza omo kwenye upepo kwanza. Mmoja anashika omo na kukaa majini bila kuogelea sana. Mwili wake hufanya kazi kama nanga nyepesi, na sehemu ya nyuma huzungushwa na upepo yenyewe.

Baada ya hapo baharia huuning'inia ubao, kisha huupanda. Husimama karibu na mahali unapotokea kwenye mashua, kwa kuwa ubao mwembamba unaweza kuvunjika ukikanyagwa nchani. Hushika ukingo wa mashua au kamba, hunyoosha miguu na kulala nyuma kwa uzito wake wote. Nguvu za mikono hazisaidii sana hapa. Mtu wa kilo 60 ambaye kiini cha uzito wake kiko mita moja kutoka mashua anaivuta kuliko mtu wa kilo 90 aliyeinama karibu nayo.

Mwanzoni huonekana kama hakuna kinachotokea. Tanga limelala majini na limebeba maji juu yake: tabaka la sentimita 1 tu juu ya tanga la Laser ni lita 70 hivi, yaani kilo 70. Maji hayo lazima yatiririke kabla tanga halijainuka, hivyo mvuto wa polepole usiokoma unafaa kuliko kuruka-ruka juu ya ubao. Tanga likishaachana na maji mashua huinuka haraka, na baharia anatakiwa kuingia ndani au kuishika imara isilale upande mwingine.

Kwa mashua ya watu wawili kuna njia nzuri zaidi. Mmoja huenda kwenye ubao. Mwingine hubaki upande wa ndani, akiwa amelala majini sambamba na mashua na kushika kitu kilichofungwa ndani yake, bila kuuegemea. Mashua inapoinuka humchota, naye hujikuta yuko ndani. Uzito wake huizuia isilale tena, kisha humsaidia mwenzake kupanda. Maji yaliyobaki hutolewa kwa kata au kwa tundu la kutolea maji chombo kikianza kwenda.

Mashua iliyogeuka juu chini

Isipoinuliwa mapema mashua huendelea kuzunguka mpaka mlingoti unaelekea chini. Hali hiyo ni ngumu zaidi, kwa kuwa tanga lote liko ndani ya maji. Mabaharia hupanda juu ya tumbo la mashua, hushika ubao na kulala nyuma kuelekea upande mmoja mpaka ilale ubavu kwanza. Ikikataa, mmoja hukanyaga kona ya nyuma ili kuvunja mshiko wa maji. Ubao usiofungwa unaweza kuchomoka na kupotea, ndiyo maana hufungwa kwa kamba kabla ya safari. Mahali penye kina kifupi mlingoti huweza kuchoma tope na kupinda.

Kinga ya hali hii ni rahisi: boya dogo nchani mwa mlingoti. Hata dumu la plastiki la lita 5 lililozibwa vizuri huinua karibu kilo 5, na likiwa mita 5 kutoka mashua, msaada wake ni sawa na wa kilo 25 zilizo mita moja tu.

Chini ya chombo kilichogeuka hubaki hewa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Viktoria, na watu zaidi ya 220 walikufa. Siku mbili baadaye fundi wake alipatikana akiwa hai mahali penye hewa ndani ya chombo. Katika mashua ndogo, hata hivyo, si mahali pa kungojea. Hewa ni kidogo, kamba ni nyingi, na jaketi la kuokolea humbana mtu juu asiweze kupiga mbizi na kutoka.

Baada ya majaribio kadhaa yasiyofanikiwa inafaa kuacha na kukaa juu ya mashua. Bahari ya nyuzi 27 ni ya kupendeza kwa kuogelea, lakini ni nyuzi 10 chini ya joto la mwili, na aliyelowa hupoteza nguvu bila kujua. Ishara ya kimataifa ya kuomba msaada ni kunyoosha mikono yote miwili pembeni na kuipandisha na kuishusha polepole, tena na tena.

Katika mashindano

Kwa sheria za mbio za mashua, chombo kimepinduka pale ncha ya mlingoti wake inapokuwa majini, na wengine wanatakiwa kukiepuka wakiweza. Kupinduka si kosa: aliyeinua mashua yake mwenyewe huendelea na mbio. Sheria ya kwanza kabisa humtaka kila mshindani kumsaidia mtu au chombo kilicho hatarini, na aliyepoteza nafasi kwa kufanya hivyo anaweza kufidiwa.

Mfano maarufu ni wa Lawrence Lemieux wa Kanada katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, ambayo mbio zake za mashua zilifanyika Busan. Tarehe 24 Septemba, akiwa nafasi ya pili katika mbio za mashua za Finn, aliwaona mabaharia wawili wa Singapuri waliopinduka katika upepo mkali. Aliacha njia yake, akawaokoa na kungoja chombo cha doria. Alimaliza wa 22, lakini waamuzi wakampa nafasi ya pili aliyokuwa nayo, na baadaye alitunukiwa nishani ya Pierre de Coubertin.

Ngalawa na mashua za pwani

Njia iliyoelezwa hapo juu haihamishiki moja kwa moja kwenye vyombo vya asili. Ngalawa, ambayo mara nyingi huchongwa kwa mwembe, ina matengo mawili yanayoelea pembeni, kwa hiyo hupinduka kwa shida. Lakini ikishageuka, matengo hayohayo huituliza ikiwa juu chini. Haina ubao wa kati wa kusimamia. Lazima tengo moja lizamishwe kwa uzito wa watu huku la pili likivutwa kwa kamba, baada ya tanga na foromali kufunguliwa. Faida yake ni kwamba ni mti: hata ikijaa maji haizami.

Mashua za mbio za Lamu ni tofauti tena. Huko mabaharia hukaa juu ya ubao uliotokezwa goshini, na mifuko ya mchanga hutumika kusawazisha chombo. Mchanga ukibaki ndani baada ya kupinduka, chombo kinaweza kwenda chini.

Ruvuma na nyanda za Makonde

Masasi na Newala hazina ziwa wala bahari, na uwanda wa juu wa Makonde unajulikana kwa uhaba wa maji. Lakini aliyesimama Shimo la Mungu, kwenye ukingo wa uwanda huko Newala, anaangalia bonde la mto Ruvuma, ambao huvukwa kwa mitumbwi kwenda Msumbiji. Na wengi wa wilaya hizo huteremka Mtwara na Mikindani kwa masomo au biashara, wakapanda vyombo bila kuwa wamekulia majini.

Mtumbwi hauna tanga wala ubao wa kati, hivyo kuuzungusha ni kazi nyepesi. Tatizo ni maji yaliyoujaza. Penye kina kifupi huinamishwa na kumwagwa. Penye kina kirefu, kukiwa na mtumbwi wa pili, ule uliopinduka huvutwa ukiwa juu chini kukingama juu ya wa pili mpaka maji yatoke, kisha hugeuzwa na kurudishwa. Mtoni mtu abaki upande wa juu wa mkondo, chombo kiwe mbele yake, asije akabanwa kati ya mtumbwi uliojaa maji na mwamba au gogo. Ruvuma ina mamba na viboko, kwa hiyo kungoja msaada kwa muda mrefu, kama inavyofundishwa baharini, hakufai huko: waliopinduka huushikilia mtumbwi na kuusukuma kwa miguu, wakikata mkondo kwa mshazari, mpaka ukingo ulio karibu.