Mnara wa Armstrong

Aliyekulia kwenye redio za AM anajua: radi ikipiga, taarifa ya habari humezwa na mikwaruzo. Dawa yake ilipatikana zamani. Desemba 1933, mhandisi wa New York, Edwin Howard Armstrong, alipewa hataza za FM. AM hubeba sauti kwa kupandisha na kushusha nguvu ya wimbi, na nguvu hiyo ndiyo radi huivuruga. FM hubadili kasi ya mtetemo wa wimbi, ikiiacha radi na kelele zake.

Novemba 1935 Armstrong aliwaonyesha wahandisi wenzake. Mbali na ukumbi, mbele ya kipaza sauti, mtu alimimina maji kwenye glasi, kisha akakunjakunja karatasi. Ukumbini maji yakasikika kuwa maji, na karatasi kuwa karatasi. Redio haikuwa na mazoea hayo.

Tatizo lilikuwa RCA. Kampuni hiyo iliuza redio za AM, ilimiliki mtandao wa redio wa NBC na vituo vyake vya AM, na ilikuwa ikimwaga fedha kwenye televisheni. Mkuu wake, David Sarnoff, alikuwa rafiki wa Armstrong. Marion, mke wa Armstrong, aliwahi hata kuwa katibu muhtasi wa Sarnoff. RCA ilimwachia Armstrong afanye majaribio juu ya jengo la Empire State, kisha mwaka 1935 ikamtaka atoe vyombo vyake, nafasi inahitajika kwa televisheni.

Akajenga mnara wake mwenyewe huko Alpine, New Jersey, kwa fedha zake. Vituo vya FM vikaanza kuchipuka. Mwaka 1940 RCA ilimpa ofa ya dola milioni 1, mkupuo mmoja. Akakataa, akitaka mrabaha kama ule waliokuwa wakilipa wengine.

Pigo kubwa likaja 1945. Serikali ya Marekani iliihamishia FM kwenye masafa ya megahezi 88 hadi 108, yale yale yaliyoandikwa kwenye redio yako. Redio zote za FM zilizokwisha kununuliwa zikawa mapambo ya sebuleni. Sababu rasmi ilikuwa mwingiliano wa mawimbi, na sisemi ilibuniwa. Lakini aliyepata nafuu hakuwa Armstrong.

Mwaka 1948 aliishtaki RCA. Mawakili wa RCA walimzungusha miaka hadi hataza zikaisha muda, na fedha nazo zikaisha. Januari 31, 1954, akiwa na miaka 63, alijitoa uhai. Mwaka huo huo RCA ikamlipa mjane takriban dola milioni 1. Marion aliendelea na kesi dhidi ya kampuni nyingine, akishinda kesi baada ya kesi, ya mwisho dhidi ya Motorola mwaka 1967.

Mnara wa Alpine bado umesimama. Septemba 2001, World Trade Center ilipoanguka na mitambo ya televisheni iliyokuwa juu yake, baadhi ya vituo vya televisheni vya New York vilikimbilia huko kurusha matangazo.