Kobe wa Aldabra Kisiwani Changuu

Kisiwa cha Changuu, kinachotazamana na Mji Mkongwe wa Unguja, kilijengewa jela mwaka 1893 kwa agizo la Lloyd Mathews, waziri mkuu wa Zanzibar, lakini kikaishia kuwa karantini, yaani mahali pa kuwatenga wasafiri walioshukiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza. Mwaka 1919 serikali ya Shelisheli ilileta zawadi ya kobe wanne wa Aldabra, kobe wa nchi kavu ambao dume lao huweza kupita kilo 200, na kufikia 1955 kizazi chao kilikuwa kimekaribia 200. Neema hiyo iliangamizwa na wezi waliowauza ng'ambo, hasara chungu kwa mnyama anayechelewa mno kupevuka, hata mwaka 1996 wakabaki saba tu. Na vitoto 80 walipoletwa mwaka huohuo, nusu yao walitoweka. Ndipo serikali ya Zanzibar, ikisaidiwa na shirika la kimataifa la kulinda wanyama, ilipojenga uzio mkubwa, wadogo wakilelewa kando katika vizimba vya wavu na wakubwa wakiandikwa umri wao kwa rangi juu ya gamba. Kufikia mwaka 2000 walihesabiwa wakubwa 17, wa makamo 50 na vitoto 90.